Kukai: Mwanzilishi Ambaye Hakuyaona Mahekalu Yake Yakikamilika

Hekalu linapoadhimisha mwaka wa kuanzishwa kwake, ni desturi njema kuwakumbuka waanzilishi: waliotafuta kiwanja, waliochanga fedha, waliobeba mawe, na wale ambao hawakujaliwa kuishi hadi siku ya kufunguliwa milango. Katika kurasa hizi tunamkumbuka mwanzilishi mmoja aliye mbali nasi kwa nchi na kwa zama. Huyo ni Kukai, mtawa wa Kibuddha wa Japani aliyezaliwa mwaka 774 na kufariki mwaka 835. Wajapani humtaja hadi leo kwa jina la heshima Kobo Daishi, yaani Mwalimu Mkuu Aliyeieneza Dharma.

Yapo mambo mawili yanayomleta karibu na msomaji wa kitabu hiki cha kumbukumbu. La kwanza ni urithi. Herufi za Kisanskriti, mandala, ibada ya moto mtakatifu, na sura za Brahma na Indra zilizochongwa kwa mbao vimetunzwa katika mahekalu ya Japani kwa zaidi ya karne kumi na moja, na katika kuvitunza huko mkono wa Kukai ulikuwa mkubwa kuliko wa mtu mwingine yeyote. La pili ni rai yake kuhusu hekalu lenyewe. Wengi waliliona hekalu kuwa nyumba ya kuhifadhia vitabu na watawa. Kukai aliamini kwamba jengo, nguzo, rangi na sanamu ni mafundisho kamili, na kwamba mtu asiyejua kusoma aweza kuingia ndani yake na kufundishwa.

Japani kabla ya Kukai

Dini ya Kibuddha ilifika rasmi Japani katikati ya karne ya 6, ikitokea ufalme wa Baekje katika rasi ya Korea. Kabla ya hapo Wajapani waliwaabudu kami, yaani miungu na nguvu za asili, katika vihekalu vya mbao zisizopakwa rangi, vyenye paa za nyasi au magome ya miti, na nguzo zilizochimbiwa moja kwa moja ardhini. Ubuddha ulikuja na mafundi wake. Wakajifunza kuweka nguzo juu ya misingi ya mawe ili zisioze, kuezeka kwa vigae, kuzipaka nguzo rangi nyekundu, na kupanga vipande vya mbao vilivyofumana juu ya nguzo ili paa zito liweze kutokeza mbali nje ya ukuta. Pamoja na hayo ilikuja pagoda, mnara wa orofa kadhaa ambao asili yake ni stupa ya India, kilima cha duara kilichofunika masalia matakatifu. Katika safari yake ya kupita Asia ya Kati, China na Korea, stupa ilirefuka ikawa mnara, na jiwe likawa mbao. Hekalu la Horyu-ji, karibu na Nara, lina majengo ya mbao yanayohesabiwa kuwa ya kale kuliko yote yaliyosalia duniani.

Mwaka 752, miaka 22 kabla ya Kukai kuzaliwa, sanamu kubwa ya shaba ya Buddha katika hekalu la Todai-ji huko Nara ilifanyiwa ibada ya kufunguliwa macho. Aliyeshika kalamu ya brashi na kuchora mboni za macho hayo alikuwa mtawa kutoka India, Bodhisena. Basi India haikuwa jina geni Japani. Hata hivyo, mahekalu makubwa ya Nara yalikuwa ya dola. Yalijengwa katika tambarare ya mji mkuu kwa mpango ulionyooka, na mafundisho yake yalikaa zaidi katika maandiko ya Kichina ambayo wachache tu waliweza kuyasoma.

Kijana aliyeacha njia ya vyeo

Kukai alizaliwa katika ukoo wa Saeki, familia yenye hadhi katika jimbo la Sanuki, kisiwa cha Shikoku. Jina lake la utotoni lilikuwa Mao. Ukoo ulimtarajia awe ofisa wa serikali, naye alifundishwa maandiko ya Kichina na mjomba wake, mtu msomi aliyekuwa mwalimu wa mwana wa mfalme. Alipofikia umri wa miaka 18 kwa hesabu ya Kijapani, aliingia chuo cha serikali katika mji mkuu. Hakudumu huko. Alikutana na mtawa aliyemfundisha mantra moja ya kukaririwa mara milioni moja, naye akaacha masomo, akaenda kuikariri milimani na kwenye rasi ya Muroto, mahali ambapo nchi inakwisha na Bahari ya Pasifiki inaanza. Mapokeo yanaunganisha na mahali hapo jina alilojichagulia baadaye, kwa maana Kukai ni maneno mawili, anga na bahari.

Uamuzi huo uliwaumiza jamaa zake. Mwaka 797, akiwa na miaka 24 kwa hesabu hiyohiyo, aliandika kitabu cha kujieleza, alimopima mafundisho ya Confucius, ya Watao na ya Buddha kwa mfano wa mjadala, na kuonyesha kwa nini alichagua la tatu. Haukuwa utovu wa heshima kwa wazazi. Alitaka kuthibitisha kwamba mtoto anayetafuta ukombozi wa viumbe vyote hajawatupa waliomzaa.

Lakini njaa yake haikushiba. Alipata kusoma sutra ya Mahavairocana, Buddha wa Mwanga Mkuu, ambaye Wajapani humwita Dainichi, yaani Jua Kuu. Andiko hilo lilijaa mantra, ishara za mikono na maelekezo ya kuchora mandala. Kukai alielewa maneno yake, ila hakuelewa namna ya kuyatenda, na Japani nzima hakumpata mtu wa kumwonyesha. Mwalimu ilibidi atafutwe ng'ambo ya bahari.

Safari ya China

Mwaka 804 msafara wa mabalozi wa Japani uliondoka kwa merikebu nne. Ni mbili tu zilizofika China. Merikebu aliyopanda Kukai ilisukumwa na dhoruba hadi pwani ya Fujian, mbali sana kusini mwa bandari iliyokusudiwa, na maofisa wa huko waliwatilia shaka wageni hao, wakawazuia. Ndipo balozi alipomwomba mtawa huyu kijana aandike barua kwa gavana. Maandishi yake ya Kichina yalikuwa fasaha, na mwandiko wake mzuri mno, hata mashaka ya gavana yakaondoka. Msafara ukaruhusiwa kuendelea, ukafika Chang'an, mji mkuu wa dola ya Tang, mwishoni mwa mwaka huo.

Chang'an ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya dunia wakati ule. Wafanyabiashara na watawa wa mataifa mengi waliishi humo. Kukai alianza kwa kujifunza Kisanskriti kwa mtawa Prajna, aliyetoka India na aliyekuwa mfasiri wa maandiko. Kwake alijifunza herufi za Siddham, mtindo wa kale wa kuandika Kisanskriti ambao nchini India uliacha kutumika karne nyingi zilizopita. Nchini Japani haukufa. Hadi leo watawa wa madhehebu ya Shingon huandika herufi hizo kwa brashi, kila herufi ikiwa mbegu ya mungu au Buddha mmoja, nazo huonekana juu ya mawe ya makaburi, mbao za sala na michoro ya ibada. Hata mpangilio wa kisasa wa sauti za Kijapani, unaoanza kwa a, i, u, e, o na kufuatiwa na safu za konsonanti, una asili yake katika elimu hiyo ya herufi za India.

Mwalimu Huiguo

Mwaka 805 Kukai aliingia hekalu la Qinglong na kukutana na Huiguo, mrithi mkuu wa mafundisho ya siri ya Kibuddha. Mnyororo wa walimu wake ulirudi India: Huiguo alifundishwa na Amoghavajra, naye Amoghavajra alifundishwa na Vajrabodhi, mtu wa kusini mwa India. Huiguo alikuwa mgonjwa na alijua hana siku nyingi. Alimpokea mgeni huyu kana kwamba alikuwa akimngoja, na katika muda wa miezi michache alimpa daraja zote za abhisheka, ambazo wengine hawakuzipata kwa miaka mingi. Kabla ya mwaka wa Kichina kwisha, mwalimu alifariki.

Waswahili wana msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa ulitimia kwa namna ya pekee. Miaka 40 baadaye, mwaka 845, serikali ya Tang iliendesha mateso makali dhidi ya Ubuddha, mahekalu mengi yakabomolewa na watawa wakafukuzwa. Njia ya Huiguo ilidhoofika nyumbani kwake. Ilisalimika kwa sababu alikuwa ameikabidhi kwa mgeni aliyekuja kwa merikebu iliyopotea njia.

Ni hapa ambapo rai ya Kukai kuhusu sanaa ilipata mizizi. Huiguo alimfundisha kwamba mafundisho ya siri ni ya kina kiasi kwamba kalamu na wino haviwezi kuyabeba peke yake. Bila picha hayawezi kupokelewa. Kwa hiyo mzee yule aliwaita wachoraji, akiwemo Li Zhen, wachore mandala na sura za walimu waliotangulia, akawaita wafua shaba watengeneze vyombo vya ibada, na wanakili wanukuu sutra. Kukai alipanga kukaa China miaka 20. Alirudi baada ya miwili, mwaka 806, akiwa amebeba vitabu 216 vya jumla ya gombo 461, mandala, vajra, kengele na picha. Picha tano za walimu zilizochorwa China zimehifadhiwa hadi leo katika hekalu la To-ji mjini Kyoto, pamoja na mbili zilizoongezwa Japani mwaka 821.

Kungoja na kupokelewa

Kurudi kabla ya wakati lilikuwa kosa la kisheria, na kwa muda wa takribani miaka mitatu Kukai alizuiwa katika kisiwa cha Kyushu. Alituma serikalini orodha ya vitu alivyoleta, akingoja. Mwaka 809 aliruhusiwa kuingia mji mkuu mpya, Kyoto wa leo, akakaa katika hekalu la mlima Takao. Mfalme Saga, aliyetawala wakati huo, alipenda mashairi na mwandiko mzuri, na urafiki wao ulianzia kwenye karatasi na wino. Wajapani huwahesabu Saga, Kukai na Tachibana no Hayanari kuwa waandishi watatu bora wa brashi wa zama zao. Kuna methali ya Kijapani isemayo kwamba hata Kobo hukosea kwa brashi yake, nayo husemwa mtu hodari anapoteleza.

Mwaka 812 Kukai aliendesha ibada ya abhisheka huko Takao. Miongoni mwa waliopokea alikuwemo Saicho, mtawa mashuhuri na mkubwa kwake kwa umri, mwanzilishi wa madhehebu ya Tendai. Saicho alijishusha kwa unyenyekevu wa kweli, na kwa miaka kadhaa aliazima vitabu kwa Kukai ili avisome na kuvinakili. Hatimaye Kukai alikataa kumwazima kitabu kimoja cha ufafanuzi. Msimamo wake ulikuwa kwamba elimu hii haipatikani kwa kunakili. Hutoka kwa mwalimu kwenda kwa mwanafunzi, uso kwa uso, mkono kwa mkono. Mwanafunzi mmoja mpendwa wa Saicho naye alichagua kubaki kwa Kukai. Urafiki ukavunjika, na haukuungwa tena. Wote wawili walikuwa watu wakubwa, na kila mmoja alikuwa na haki yake. Lakini tukio hilo linatueleza uzito ambao Kukai aliuweka juu ya jambo asiloweza kuliandika.

Mlima Koya, ua la yungiyungi

Mwaka 816 Kukai alimwomba mfalme mahali pa kujenga kituo cha tafakuri. Alichagua Koya, bonde la juu lililo mita zipatazo 800 kutoka usawa wa bahari, kusini mwa mji mkuu, alilolijua tangu ujana wake wa kuzurura milimani. Vilele vinane hulizunguka, na watawa huvifananisha na petali nane za yungiyungi, kama zile zinazomzunguka Mahavairocana katikati ya mandala ya Tumbo la Uzazi. Hivyo mlima wenyewe ulikuwa mandala kabla ya shoka la kwanza kugusa mti.

Hapa usanifu wa Japani ulipata njia nyingine. Mahekalu ya tambarare yalifuata mistari iliyonyooka na mizani ya kushoto na kulia. Mlimani haikuwezekana, wala Kukai hakuitaka. Majengo yaliwekwa kwa kufuata mteremko na msitu, na miti mirefu ya mierezi ikawa sehemu ya hekalu. Miungu ya mlima, iliyokuwepo kabla ya Ubuddha, haikufukuzwa. Ilijengewa vihekalu vyake na kuombwa iwe mlinzi.

Katikati alipanga pagoda kubwa ya umbo jipya kwa Wajapani. Sehemu yake ya chini ni ya mraba, ya juu ni ya duara kama kuba, kisha huja paa la mraba na mlingoti wa shaba. Anayezijua stupa za India atalitambua kuba lile mara moja: ni stupa iliyovikwa paa ili kuikinga na mvua na theluji ya Japani. Ndani ya pagoda ya leo, iliyokamilika mwaka 1937 baada ya zile za awali kuungua, Mahavairocana anaketi katikati akizungukwa na Buddha wanne, na juu ya nguzo 16 wamechorwa bodhisattva 16. Aingiaye hasimami mbele ya picha. Amesimama ndani ya mandala.

Kazi hiyo ilikwenda polepole mno. Mlima ulikuwa mbali, baridi ilikuwa kali, na wafadhili wakubwa walikuwa mjini. Mwaka 834, mwaka mmoja kabla ya kufa, Kukai alikuwa bado akiandika waraka wa kuomba michango ya pagoda na mandala za Koya. Hakuwaomba watu mali nyingi. Aliomba kila mmoja atoe sarafu moja au punje moja ya nafaka, ili wengi washiriki thawabu ya kazi ile. Kamati yoyote ya ujenzi wa hekalu, mahali popote duniani, itauelewa waraka huo bila mfasiri.

To-ji na sanamu 21

Mwaka 823 Mfalme Saga alimkabidhi Kukai hekalu la To-ji, lililoanzishwa na serikali mwaka 796 kwenye lango la kusini la mji mkuu na ambalo lilikuwa bado halijakamilika. Mwaka 825 alianza kujenga ukumbi wa mafundisho. Ndani yake alipanga sanamu 21 juu ya jukwaa moja: Buddha watano katikati, bodhisattva watano upande wa mashariki, wafalme watano wa hekima wenye sura za ghadhabu upande wa magharibi, wafalme wanne wa mbinguni pembeni, na katika ncha mbili za jukwaa, Brahma na Indra. Mandala iliyokuwa imechorwa juu ya kitambaa ilisimama sasa kwa mbao, kimo cha mtu na zaidi.

Msomaji wa Kihindu atakayefika hapo hatahitaji kuambiwa majina. Bonten, ndiye Brahma, ana nyuso nne na mikono minne, naye ameketi juu ya yungiyungi linalobebwa na mabata bukini, ndege wake wa tangu zamani. Taishakuten, ndiye Indra, amepanda tembo. Wachongaji walikuwa watu ambao hawajapata kuiona India, na wengi wao, bila shaka, hawajapata kumwona tembo. Walifuata maelezo na michoro iliyoletwa kwa merikebu, wakachonga kwa heshima kubwa, na ukamilifu wa kazi yao ungali unaonekana.

Sanamu hizi ziligeuza mkondo wa uchongaji wa Japani. Sanamu nyingi za Nara zilikuwa na utulivu na umbo la mwanadamu wa kawaida. Sasa zilikuja sura nzito, zilizochongwa kwa kiasi kikubwa kutoka gogo moja, zenye mikono mingi, silaha, meno yaliyotokeza na ndimi za moto nyuma ya mabega. Fudo, jina lake la Kisanskriti Acala, Asiyetikisika, anaketi juu ya mwamba akiwa na upanga na kamba. Upanga hukata ujinga, na kamba huwafunga waliopotea ili warudishwe. Ghadhabu yake ni ya mzazi anayemvuta mtoto kutoka kando ya kisima.

Ipo sanamu moja katika ukumbi huo ambayo haifai kupitwa kimya. Mmoja wa wafalme wa hekima, Gozanze, anasimama akiwakanyaga Maheshvara na Uma, ambao sisi tunawajua kuwa Shiva na Parvati. Mwabudu wa Shiva hawezi kuitazama bila kuguswa moyo. Asili yake ni masimulizi yaliyotungwa India yenyewe, katika zama ambazo wafuasi wa njia mbalimbali walishindana kwa vitabu na kwa sanamu, na ambamo kila upande ulipenda kuonyesha kwamba bwana wake ndiye mkuu. Kwa wafuasi wa Shingon, maana yake ni kuvunjwa kwa nafsi yenye kiburi, na katika masimulizi hayo Maheshvara hatimaye huamka na kupata ukamilifu wa Buddha. Tena mungu huyohuyo, kwa jina la Ishana, anaheshimiwa katika mapokeo hayohayo kuwa mlinzi wa kaskazini mashariki, pamoja na Agni, Yama, Varuna, Vayu, Surya na Chandra, katika kundi la deva 12 wanaolinda ulimwengu. Historia ya dini ina kurasa za kushindana na kurasa za kukaribishana, nazo mara nyingi zimo katika jengo moja. Tukizisoma zote mbili, tutauelewa urithi huu kwa haki.

Moto, maji na shule

Ibada aliyoleta Kukai haikuwa ya kutazama tu. Katika mahekalu ya Shingon hadi leo kuhani huwasha moto katika madhabahu ya mraba, akatia vijiti, mafuta na nafaka huku akikariri mantra, akianza mara nyingi kwa kumwita Agni. Ibada hiyo huitwa goma, jina lililotokana na neno la Kisanskriti ambalo ndilo asili ya havan inayofanywa katika familia nyingi za Kihindu. Hivyo majengo ya Shingon yalihitaji ukumbi wenye nafasi ya madhabahu ya moto, dari ivumiliayo moshi, na mahali pa ndani palipotengwa na mahali pa waumini. Ibada ndiyo iliyouelekeza mkono wa seremala.

Elimu yake haikuishia madhabahuni. Mwaka 821 watu wa jimbo lake la Sanuki walishindwa kulitengeneza bwawa la Manno, lililokuwa limebomoka na kuyaacha mashamba ya mpunga bila maji. Aliombwa aende. Kazi iliyokwama ikamalizika katika miezi michache, kwa kuwa wenyeji walimiminika kumsaidia mwana wa nchi yao. Bwawa hilo, baada ya kujengwa upya mara kadhaa, linanywesha mashamba hadi leo. Mwaka 828 alifungua mjini Kyoto shule iliyopokea watoto bila kujali ukoo wala uwezo, ikafundisha maandiko ya dini na ya dunia, na kuwapa chakula walimu na wanafunzi. Vyuo vya zama zile vilikuwa vya wenye vyeo. Shule hiyo haikudumu. Ilifungwa takribani miaka kumi baada ya kifo chake kwa kukosa wa kuiendesha. Si kila alichokipanda kilimea.

Kufariki kwake na kukamilika kwa kazi

Mwaka 831 aliugua na kuomba apumzishwe katika wadhifa wake. Mwaka uliofuata, huko Koya, aliongoza ibada ya kutoa taa na maua, akaweka nadhiri kwamba matumaini yake hayatakoma maadamu anga lingalipo na maadamu vipo viumbe vinavyongoja kukombolewa. Wasomaji wanaowasha taa za Diwali watatambua lugha hiyo ya mwanga. Mwanzoni mwa mwaka 835 aliendesha ibada ya siku saba katika kasri la mfalme kwa ajili ya amani ya nchi. Kisha akapanda mlimani kwa mara ya mwisho. Alifariki huko katika mwezi wa tatu wa mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 62 kwa hesabu ya Kijapani.

Tuhesabu alichokiacha. Sanamu 21 za To-ji hazikuwa zimefunguliwa macho. Ibada hiyo ilifanyika mwaka 839. Pagoda ya orofa tano ya To-ji, aliyoianzisha mwaka 826, ilimalizika mwishoni mwa karne hiyo. Pagoda kubwa ya Koya ilikuwa bado kazi ya miongo mingi, iliyobebwa na mwanafunzi wake Shinzen hadi uzeeni. Mtu aliyeyabuni mahekalu hayo aliyaona yakiwa vibanda, magogo, michoro na madeni.

Na hata yalipokamilika, hayakusalimika. Pagoda ya To-ji iliungua mara nne. Inayosimama leo, mnara wa mbao mrefu kuliko yote Japani, wenye mita zipatazo 55, ni ya mwaka 1644. Ukumbi wa mafundisho uliteketea mwaka 1486 na kujengwa upya mwaka 1491. Kati ya sanamu 21, 15 ni zile za awali; sita zilichongwa upya, kila moja ikarudishwa mahali palepale pa mpango wa Kukai. Hapa rai yake ilipata uthibitisho. Mbao huungua, lakini mandala haiungui. Aliyekuwa na mpango moyoni, na mwalimu wa kumwelekeza, aliweza kulisimamisha tena.

Mwaka 921 Mfalme Daigo alimpa jina la Kobo Daishi. Waumini wa Shingon husadiki kwamba hakufa, bali yumo katika tafakuri ya milele ndani ya kaburi lake la Okunoin, akimngoja Buddha ajaye, Maitreya. Kila siku, mara mbili, watawa humpelekea chakula. Kandokando ya njia iendayo huko, chini ya mierezi, yapo makaburi zaidi ya 200,000 ya watu wa kila tabaka. Mengi yana umbo la vitu vitano vilivyopandana: mchemraba wa ardhi, tufe la maji, piramidi ya moto, nusu duara ya hewa, na kito cha anga juu kabisa. Ni pancha mahabhuta, elementi tano za hekima ya India, zikisimama kwa jiwe katika msitu wa Japani. Katika kisiwa alichozaliwa, mahujaji huzunguka mahekalu 88 kwa safari ya kilomita zipatazo 1,200, wakiamini kwamba hakuna anayetembea peke yake, kwa maana Kukai anatembea naye.

Hayo ndiyo maisha ya mtu aliyechukua kutoka kwa mgeni, akawajengea watu wake, na kuwaachia wengine wamalizie. Kizazi kimoja huchimba msingi, cha pili huezeka, cha tatu huzima moto na kuanza upya. Wanaoadhimisha leo mwaka wa hekalu lao wamo katika kimojawapo cha vizazi hivyo, na kazi iliyo mbele yao ni ileile aliyoiombea Kukai sarafu moja moja na punje moja moja.